UZI: Kabla tingatinga halijaingia Shimanzi na Mbaraki, nani kaipima historia ya mji wa kazi?

RamaniKuukuu

Waungwana, salaam.

Uzi huu umetokana na ripoti moja niliyoletewa niisome. Sitaitaja ploti wala mwenyewe. Iko hapa kisiwani Mombasa, upande wa Kilindini, baina ya Shimanzi na Mbaraki, ina magodauni makuukuu na kipande cha reli kilichozama ndani ya lami, na panatakiwa kujengwa maghorofa. Ripoti ya mazingira imejaa vumbi, kelele, maji taka na msongamano wa malori. Ilipofika kwenye urithi wa kihistoria ikatoa sentensi moja: eneo halina umuhimu wa kihistoria kwa kuwa Fort Jesus na Mji wa Kale viko mbali.

Basi. Mwandishi kapima umbali wa gari, kafunga kitabu.

Kazi yangu ni kupima na kuchora majengo ya zamani, na ninalosema ni hili: kisiwa chetu kina miji miwili mikongwe. Mmoja una milango ya nakshi, una watalii, na Fort Jesus yake iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011. Wa pili ni mji wa kazi: gati za Kilindini, reli, magodauni, matangi ya mafuta Shimanzi, nyumba za wafanyakazi Makande. Huu wa pili hauna mlinzi, na sababu kubwa ni tarehe.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 imepiga mstari mwaka 1895. Jengo, au tuta la udongo lililofanywa na watu, la kabla ya hapo linahesabiwa mnara wa kumbukumbu, yaani urithi unaolindwa, bila kungoja mtu. Ya baada ya hapo hailindwi mpaka waziri aitangaze kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Sasa hesabuni wenyewe: Reli ya Uganda ilianza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896. Tumeukosa mstari kwa mwaka mmoja! Reli yenyewe, gati za maji makuu za miaka ya 1920, kila bohari lililofuata, vyote vimeangukia upande usiolindwa.

Lakini sheria hiyohiyo, ukiendelea kuisoma, inaruhusu mahali au jengo la umri wowote litangazwe iwapo lina thamani ya kihistoria, kitamaduni, kisayansi, kisanifu au kiteknolojia. Kwa hiyo njia ipo. Hakuna anayepita kwa sababu hakuna anayekwenda na ushahidi mkononi, na ushahidi hupatikana kwa tathmini inayofanywa kabla ya kuchora ramani ya jengo jipya. Kuuliza "je, pameshatangazwa?" hakutoshi. Ulizeni hapo pana nini.

Nataka tujadili inafanywaje, na nani alipe.

---

PlotiNiMali

Kaka, mie nakuheshimu lakini hili la leo umelizidisha. Magodauni ya Shimanzi ni mabati ya kutu, popo na paka. Historia gani hapo? Vijana hawana nyumba, kodi zapanda, bandari yataka nafasi, na wewe wataka tuhifadhi godauni la mbolea. Tukiugeuza mji mzima makumbusho tutalala wapi?

---

RamaniKuukuu

@PlotiNiMali hakuna mtu kasema tuhifadhi kila bati. Watu wengi hudhani tathmini ni jina jingine la marufuku. Sivyo. Tathmini yakwambia kipi kibaki, kipi kichorwe na kupigwa picha kisha kibomolewe, wapi pachimbwe kwanza na wataalamu wa mambo ya kale, na kipi kiende zake bila majonzi. Mara nyingi kinachokwenda zake ndicho kikubwa.

Wenzetu wa Uingereza, waliobomoa viwanda vingi kuliko sisi tulivyowahi kuvijenga, mwaka 1990 walitoa mwongozo wa mipango miji kwamba anayetaka kujenga ndiye aoneshe kwanza ardhi yake ina nini, kwa gharama yake, kabla ya kupewa kibali. Kuchora na kuandika majengo wana ngazi nne: ya kwanza ni picha na maelezo mafupi ya nje, ya nne ni uchunguzi kamili wa jengo na nyaraka zake. Bohari la kawaida laweza kutosheka na ngazi ya kwanza au ya pili. Viwanda vyao vingi vilibomolewa tu, ila vilibomolewa vikijulikana. Na tangu 2003 upo Mkataba wa Nizhny Tagil, uliopewa jina la mji mmoja wa viwanda huko Urusi, unaosema urithi wa viwanda ni mashine, majengo, njia za usafirishaji na pia mahali wafanyakazi walipoishi na kuswali. Haukuishia kwenye mabomba ya moshi.

Tena usidhani upande wa Kilindini ulianza na Mwingereza. Nenda Mbaraki. Pale karibu na gati na mabohari pamesimama nguzo ya mawe ya matumbawe na chokaa, urefu wake mita 8 hivi, na kando yake msikiti wa zamani. Iliitangulia reli kwa muda mrefu. Madereva wa malori wapita hapo kila siku bila kugeuza shingo. Na huko uwanja wa hospitali kuu ya Pwani, Hamo Sassoon alipochimba miaka ya 1970 alipata tabaka za mji zinazorudi nyuma karibu miaka elfu moja. Sasa godauni lililojengwa juu ya ardhi kama hii bila msingi wa kina limefanya kazi ya kifuniko cha sufuria: kilicho chini kimebaki salama. Maghorofa yenye maegesho ya chini ya ardhi hayaachi kitu.

---

MzeeWaGatini

Vijana, nimesoma nikanyamaza, sasa nasema.

Mimi nimefanya kazi bandarini kabla makontena hayajawa mambo. Huyu asemaye mabati ya kutu, aulize kwanza hilo godauni lilikuwa likifanya nini. Sikizani.

Behewa likija na magunia ya kahawa kutoka bara, halikufunguliwa popote tu. Lasukumwa hadi ubavuni mwa godauni, na sakafu ya godauni imeinuliwa kutoka ardhini ikalingana na sakafu ya behewa. Kuli hapandi wala hashuki. Apita na gunia mgongoni juu ya ubao, moja kwa moja ndani. Mlango wa upande wa pili ndio wa kutokea kwenda gatini. Kwa hiyo godauni lina uso wa reli na uso wa bahari, na katikati ndipo karani akaapo na daftari lake akihesabu. Serahangi, msimamizi wa makuli, alikuwa akisimama pale awezapo kuona pande zote mbili. Ukiondoa ukuta mmoja ukaweka duka, hutajua tena mzigo ulikuwa ukipita wapi.

Na kabla ya gati za maji makuu, meli zilikuwa zatia nanga katikati, na mzigo waletwa kwa tishali, zile mashua pana za mizigo. Hayo niliyakuta kwa wazee wangu, sikuyaona. Lakini ngazi za mawe za kushukia kwenye tishali zingine nimezikuta tini ya matope. Maji yakitoka, zaonekana.

Kulikuwa na mti ambapo vibarua walikuwa wangoja kuitwa alfajiri. Aliyeitwa apata kazi ya siku, asiyeitwa arudi nyumbani. Mti haupo, waliukata. Hiyo tathmini yenu itauandika mti usiokuwepo?

---

RamaniKuukuu

Ami, shikamoo. Huo mti ndio wa kwanza kuandikwa. Kwenye ramani unatiwa alama ya mahali palipokuwa na shughuli hata kama hapana kitu, na pembeni yaandikwa nani kasema na lini. Usipoandikwa sasa hautaandikwa tena.

Na hilo la sakafu iliyoinuliwa ni jambo kubwa, wenzangu mlizingatie. Ukiingia ploti ambayo reli zilishang'olewa ukakuta ukuta mmoja una kizingiti kirefu na milango mipana iliyopangwa kwa nafasi sawasawa, pima kimo cha sakafu na umbali baina ya milango. Hapo palipita behewa. Reli yetu ya zamani ni ya upana wa milimita 1,000, na hata baada ya chuma kung'olewa, pinda lake huonekana kwenye ukuta wa ploti: magodauni mengi ya Shimanzi yamekatwa mshazari kwa sababu njia ya reli ilikuwa ikipinda hapo. Mchoraji mpya huona pembe mbaya ya kunyoosha. Mimi naona njia ya treni.

---

QS_Changamwe

Swali la kiufundi. Reli zilizobaki huwa zimepigwa muhuri wa kiwanda na mwaka ubavuni. Nguzo za chuma za paa vilevile. Kwani haitoshi kusoma huo mwaka ukajua umri wa jengo?

---

RamaniKuukuu

Haitoshi hata kidogo, na hapa ndipo wengi hupotea. Mombasa hatutupi chuma. Reli chakavu imekuwa nguzo ya ua, boriti ya paa, mhimili wa tangi la maji. Muhuri wakwambia chuma kilitoka kiwandani lini, na sehemu iliyotiwa chuma hicho haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Yaweza kuwa ya miaka arobaini baadaye. Vigae vya Mangalore, vile vya paa vilivyotoka India, ni hivyohivyo: jina la kiwanda liko mgongoni, ila fundi aliyeezua upya mwaka wa juzi huenda kavitoa kwenye nyumba iliyobomolewa Kibokoni. Lazima usome vitu pamoja: chuma, kigae, chokaa au saruji ya kuta, namna milango ilivyozibwa na kufunguliwa, halafu uvipambanishe na ramani.

Kuta ndizo mashahidi wazuri. Mawe ya matumbawe kwa chokaa chini, matofali ya saruji juu, hapo kuna majengo mawili yaliyopandana.

---

BintiWaMajengo

Nyinyi wanaume mmeingia na chuma na vigae hamtoki. Hao makuli walikuwa wakilala godauni?

Mji wa kazi ni Majengo pia, ni King'orani, ni Mwembe Tayari. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba mpangaji wake, ndiyo iliyoibeba bandari. Na ile desturi yetu ya nyumba bila ardhi, wewe wamiliki kuta na paa, mwenye kiwanja ni mtu mwingine umlipaye kodi, haikushuka kutoka mbinguni. Ilikua kwa sababu watu walimiminika kutafuta kazi bandarini na relini, na hakuna aliyewajengea.

Mgomo mkuu wa Januari 1947, uliosimamisha bandari, reli, hoteli, mji mzima, mikutano yake ilikuwa uwanjani Majengo, haikuwa gatini. Chege Kibachia na African Workers Federation walijenga nguvu zao kwenye uwanja wa watu wa kawaida, mpaka serikali ilipomkamata Agosti mwaka huohuo. Sasa mtu anayefanya tathmini ya "mji wa viwanda" akaishia kwenye ua wa bandari, huo mgomo atauweka wapi?

Nyumba za manispaa za Buxton zilibomolewa 2021. Sisemi zisingebomolewa, nyumba zilikuwa zimechoka na watu wataka kuishi vizuri. Nauliza: zile nyumba zilichorwa? Wapangaji walihojiwa wakaandikwa? Maana mpango wa kaunti ni mitaa mingine pia: Khadija, Mzizima, Tudor, Changamwe, Likoni.

---

PlotiNiMali

Haya, sasa tumetoka godaunini tumeingia vyumbani mwa watu. Kesho mtaniambia kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe nacho ni kale. Kile kimeanza 1963, mimi nina binamu mkubwa kuliko hicho!

---

RamaniKuukuu

Ndiyo, kaka, ni kale. Kilianza 1963, mwaka tuliopata uhuru, kikaacha kusafisha mafuta 2013. Nusu karne ya mafuta ya Afrika Mashariki ilipita hapo. Lipo wazo la kuhifadhi? Sijasema. Lakini mitambo ya aina ile ikianza kukatwa kwa gesi, michoro yake na watu walioiendesha wakiwa hai ndio wakati wa kuandika. Binamu yako keshasimulia ya kwake?

@BintiWaMajengo dada, umenifundisha kazi yangu. Kwenye mpaka wa tathmini huwa nasukumwa na mwenye mradi: "ishia kwenye ukuta wa ploti." Mpaka wa ploti ni wa hati miliki. Mpaka wa historia ni pale gunia lilipotoka na pale aliyelibeba alipolala. Kimaandishi tunatenganisha: eneo la mradi lachunguzwa kwa kina, na eneo pana linalolizunguka lachunguzwa kwa uhusiano wake. Majengo inaingia kwenye hilo la pili, na iingie kwa jina.

---

WakiliWaTudor

Niweke upande wa sheria kwa ufupi, si ushauri wa kisheria kwa mtu yeyote.

Katiba ya 2010 imegawanya: minara ya kumbukumbu na ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, kibali cha kujenga ni cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Katikati yumo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa Sheria ya Mazingira ya 1999. Watu hupotea kwa sababu kila ofisi hudhani nyingine ndiyo iliyoangalia historia.

Ripoti kamili ya tathmini ya mazingira ikipelekwa NEMA, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi na magazeti ya kawaida, na wananchi wana siku 30 kutoa maoni. Hapo ndipo pa kupeleka barua yenye ramani na picha. Sentensi ya "hakuna umuhimu wa kihistoria" inapingwa kwa ushahidi, haipingwi kwa hasira mtandaoni. Leseni ikitolewa na hujaridhika, rufaa ni siku 60.

Mahakama zetu zimeshaonesha meno. Aprili 2018, kwenye kesi ya bandari ya Lamu, Mahakama Kuu iliona kwamba haki za wavuvi na urithi wa mji wa Lamu havikuzingatiwa ilivyopaswa, ikawapa wavuvi fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019, leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe hukohuko ilifutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwenye mradi anayejua hesabu ataona tathmini ya mapema ni bei ya chai.

Na jambo ambalo mafundi hawajui: Sheria ya 2006 yasema ukigundua kitu cha kale wakati wa kuchimba, una siku saba kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Kukifukia usiku si njia.

---

QS_Changamwe

Wallahi usiku ndio unaotumika.

Niongeze la hatari ambalo wapenda historia hulisahau. Ardhi ya viwanda ina sumu. Owino Uhuru hapa Mikindani, watu waliugua kwa sumu ya madini ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Shimanzi ni matangi ya mafuta kwa miongo. Mapaa ya zamani mengi ni asbestosi. Kwa hiyo msije mkaingia na kamera na kaptula mkapiga paa nyundo ili mwone limeezuliwaje. Barakoa, viatu, na mtu wa kupima udongo kwanza.

Lakini hapo pana faida pia. Mradi wowote wa maghorofa lazima uchimbe mashimo ya kupima udongo kwa ajili ya msingi. Mwekeni mtaalamu wa mambo ya kale pembeni mwa mashimo hayohayo. Shimo moja, ripoti mbili. Gharama ya ziada ni mtu mmoja na chakula chake cha mchana.

---

RamaniKuukuu

Hili la shimo moja ripoti mbili nalichukua, na nitaliweka kwenye kila barua ya kazi kuanzia sasa. Pia historia ya kiwanda ndiyo inayomwambia mpima sumu achimbe wapi. Ukijua karakana ya betri ilikuwa kona ile na bomba la mafuta lilipita pale, hupigi mashimo gizani.

---

MwanafunziTUM

Nyinyi wakubwa, mimi nasoma mambo ya majengo, natafuta mada ya mradi wa mwisho. Nikitaka kufanya tathmini ya ploti moja tu bila pesa, naanzia wapi?

---

RamaniKuukuu

Mwanangu, anza kwa makalio kabla ya miguu. Kaa na ramani.

Ramani za zamani za kisiwa zipo kwa idara ya upimaji Nairobi, na Nyaraka za Taifa wana mafaili ya mkoa wa Pwani na bandari. Zichukue kwa mpangilio wa miaka, uziweke juu ya picha ya sasa ya setilaiti kwa kipimo kimoja, uanze na ya sasa ukirudi nyuma. Utaona ufuo ukisogea, maana sehemu ya Kilindini imejazwa kifusi. Palipokuwa bahari huwezi kukuta kaburi, ila waweza kukuta ngazi ya tishali ya ami MzeeWaGatini. Palipokuwa nchi kavu siku zote ndipo pa kuogopa.

Kisha hati. Huku kwetu Pwani tuna bahati mbaya iliyogeuka nzuri: Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwalazimisha watu wa ukanda wa maili kumi kupeleka madai yao kwa msajili, na madai yale yalipimwa na kuchorwa. Ndiyo maana ploti za kisiwani bado zina namba za bloku za Kirumi. Kwenye michoro ile ya mwanzo utakuta visima, makaburi, mashamba na misikiti ambayo baadaye ilimezwa na mabohari. Angalia pia kama ploti ina wakfu. Ikiwa nayo, ongea na Kamisheni ya Wakfu mapema kuliko unavyodhani.

Picha: mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, upo mtandaoni bure na una picha nyingi za Mombasa ya mwanzo, pamoja na vigari vya trole vilivyokuwa vikisukumwa na watu juu ya reli nyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Angalia picha kwa nyuma yake. Mpiga picha kampiga bwana mkubwa, wewe mwangalie paa lililo begani mwake.

Baada ya hapo ndiyo uende ukatembee, na uende maji yakiwa yametoka. Halafu wazee. Wazee mwisho, si mwanzo, kwa sababu ukiwa na ramani mkononi mzee anakurekebisha, na ukienda mikono mitupu anakufurahisha tu.

Usidharau jengo lenye maisha mawili. Shule ya Allidina Visram, wakati wa Vita vya Pili, ilikuwa kituo cha Waingereza cha kufumbua ishara za siri za Wajapani. Ungepita ukaandika "shule" ukaondoka.

---

MzeeWaGatini

Asema wazee mwisho! Haya, tumesikia.

---

RamaniKuukuu

Ami, nisamehe, mwisho kwa mpangilio, si kwa heshima.

---

PlotiNiMali

Niulize moja, na mnijibu bila hotuba. Nina jamaa yangu ana godauni Ganjoni upande wa Mbaraki. Hajachora chochote bado. Akimwita mtu kama wewe, itamchukua muda gani na atazuiwa kujenga au hatazuiwa?

---

RamaniKuukuu

Kwa ploti moja, kazi ya mezani na kutembea ni suala la wiki, si miezi, ikiwa hati ziko mkononi. Mashimo yafuate ratiba ya mhandisi wake. Kuzuiwa: siwezi kumwahidi, na atakayemwahidi anamdanganya. Mara nyingi kinachotokea ni jengo jipya kusogezwa kidogo, ukuta mmoja wenye milango ya behewa kubaki ukawa uso wa maduka ya chini, na mengine kuchorwa yakaenda. Kwa kuwa yuko karibu na ile nguzo ya Mbaraki, awaandikie Makumbusho ya Taifa kabla ya kumlipa mchoraji. Barua haina ada. Akishamlipa mchoraji kila mita ya kusogea itamuuma.

Na wewe ni "jamaa yangu" au ni wewe mwenyewe?

---

PlotiNiMali

Ni jamaa yangu.

---

BintiWaMajengo

🤣 Haya, jamaa yako ana wapangaji nyuma ya hilo godauni? Aanze na hao.

---

PlotiNiMali

Wapo wawili watatu. Mmoja ni bibi wa mahamri, yupo hapo tangu mimi nikiwa mdogo. Tangu *jamaa yangu* akiwa mdogo.

---

WakiliWaTudor

Mwambie jamaa asimpe bibi notisi kabla ya kuhojiwa. Nasema hivi kwa maslahi ya jamaa.

---

MwanafunziTUM

Nimepata mada. Kaka PlotiNiMali, jamaa yako akikubali mimi nitaichora bure, jina lake nisilitaje. Nahitaji tu kuingia maji yakiwa yametoka, na mtu wa kunionesha.

---

MzeeWaGatini

Mimi nitakuja. Lakini si juani adhuhuri, na ulete barua ya kuingilia getini, maana askari wa siku hizi ni watoto, hawatujui. Hilo godauni la Ganjoni kama ndilo nilidhanialo, lina mlango wa tatu upande wa mashariki uliozibwa kwa matofali. Usiubomoe kabla sijafika nikakwambia ulizibwa kwa nini.